Lenzi ya 2.8 mwanzo mwisho au ile ya 3.5 mpaka 5.6? Soma namba ya pili kwanza

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna kijana ananiuliza swali hili hili, amepata kazi za harusi mbili hivi, ana kamera na ile lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, sasa amejibana ameweka hela kidogo anataka "lenzi ya maana" na watu wameshamwambia kwamba maana yake ni 2.8. Mi huwa namuuliza kitu kimoja tu, unapiga picha wapi na saa ngapi? Maana nimezitumia zote mbili hapa Kampala na huko mashambani, juani na gizani, na kuna siku ile ya bei rahisi inatosha kabisa na kuna siku inakuaibisha mbele ya wakwe za watu.

Tuelewane maneno kidogo. Apacha ni lile tundu ndani ya lenzi linalofunguka na kujibana ili kupitisha mwanga. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, yaani 2.8 ni mlango wazi, 5.6 ni mlango umeegeshwa. Sasa geuza lenzi yako uangalie mbele pale pembeni ya kioo, imeandikwa. Ukikuta 1:2.8 peke yake ama 1:4 peke yake, hiyo apacha yake haibadiliki, uzumu uwezavyo inabaki pale pale. Ukikuta 1:3.5-5.6 hiyo inabadilika, 3.5 unaipata ukiwa kwenye upana kabisa, mm 18 (mm ndogo inaona pana, mm kubwa inavuta karibu), na kadiri unavyovuta inazidi kubana, ukifika 55 uko kwenye 5.6 na hata uzungushe kigurudumu mpaka kidole kiume haifunguki zaidi.

Namba ya kwanza ndio muuzaji atakutajia. "Hii 3.5 hii, boss, inaona mpaka usiku." Ni kweli ni 3.5, ila kwa mm 18, na nani anapiga sura ya bibi harusi kwa mm 18? Pua inatangulia, uso unafuata baadaye. Kazi ya pesa iko huku mwisho, kwenye 55, kwenye 200, kwenye 300, kwaiyo ukilinganisha lenzi mbili linganisha zile namba za mwisho. Kati ya 2.8 na 5.6 kuna stopu mbili, na kila stopu moja ni mwanga mara mbili, kwaiyo ni mara nne. Ukumbini pale ambapo mwenye 2.8 yuko ISO 3200 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga) amestarehe, we wa 5.6 unatakiwa ISO 12800 kwa spidi ile ile ya shata, yaani ule muda kamera inapokea mwanga, na kamera nyingi za kuanzia kwa ISO hiyo zinakupa chenga tupu, bwana harusi anatoka kama amemwagiwa mchanga.

Kwa nini hawatengenezi tu zote ziwe 2.8? Chukua mm za lenzi gawanya kwa ile namba, unapata upana wa tundu. 55 gawanya kwa 5.6 ni kama mm 10. 55 gawanya kwa 2.8 ni mm 20. Sasa njoo kwenye 200 kwa 2.8, hapo unataka tundu la mm 71, na kioo cha mbele lazima kiwe kikubwa kuliko hapo, ndio maana zile 70-200 za 2.8 nyingi zinavaa filta ya mm 77. Ile ya Canon ya EF, familia ya lenzi za kamera zao zenye kioo cha ndani, toleo la tatu, ina gramu 1480, wakati ile 18-55 ya kwenye boksi ina gramu kama 200 tu. Ni vioo vile unabeba na ni vioo vile unalipia. Huyo mwenye lenzi nyepesi ameipata nyepesi kwa sababu fundi aliamua huku mwisho wa zumu tubane.

Sasa nikwambie ilivyonikuta Mukono. Ilikuwa kwanjula, kwa msiojua ni ile siku bwana anaenda kujitambulisha ukweni kwa kina bibi harusi, mahema yanatazamana, huku wa bwana wote na kanzu na makoti, kule wa bibi na magauni yao ya gomesi, katikati uwanja. Saa kumi na moja jioni, wingu limetanda, mi najiona mtaalamu nimeweka kamera kwenye M, yaani kila kitu naseti kwa mkono, apacha 3.5, shata 1/200, ISO 800, napiga mahema yote kwa upana, naangalia kioo cha nyuma, safi. Basi ssenga, shangazi wa bibi harusi, akatoka kuja kumtafuta bwana kwenye safu, unajua ile sehemu kila mtu anaisubiri, anapita anawaangalia mmoja mmoja anawatania, ghafla akamshika yule bwana mkono akamvuta na watu wakapiga kelele. Mi nikavuta zumu mpaka 55 nikabonyeza picha kama 15 bila kupumua. Kufika nyumbani naziangalia, zote zina giza. Sio giza la kutupa ila giza la kwamba kanzu nyeupe imekuwa ya kijivu na sura ya ssenga haina macho. Nikalaumu kamera, nikalaumu betri, nikamlaumu mpaka mwenye hema.

Kumbe nilipovuta zumu kamera yenyewe ilihama kutoka 3.5 kwenda 5.6 maana lenzi haiwezi zaidi, na mi niliyofunga shata na ISO kwa mkono wangu nikabaki na mwanga kama asilimia 40 ya ule niliopima. Na ilikuwa imeandikwa pale chini ya kioo, 5.6, wazi kabisa, ila nani anasoma namba ssenga akiwa anacheka? Nikazivuta kwenye kompyuta zikang'aa zikaja na chenga, mteja akapokea, hakusema kitu, na hakunirudia tena.

Ukiwa na 2.8 isiyobadilika hiyo haikukuti. Unapima mara moja kwenye kivuli cha hema, alafu unaenda mbele unarudi nyuma, sura, mikono, vikapu, yule jogoo anayepewa shemeji, mwanga ni ule ule. Kwa mtu wa M na mtu anayetumia flashi aliyoiseti kwa mkono, huu utulivu ndio unaolipia, hata kabla hujafikia mambo ya giza.

Lakini nisikudanganye, kuna ujanja wa bure ambao ningeujua siku ile ningekuwa bado na yule mteja. Kama una ile ya 3.5-5.6 na uko kwenye M, anza na 5.6 tangu mwanzo. Weka 5.6 ukiwa kwenye 18 alafu vuta mpaka 55, haibadiliki kitu, umeigeuza kuwa ya apacha moja kwa mkono wako mwenyewe. Unapoteza ule mwanga wa huku kwenye upana ndio, ila picha zako zote zinafanana. Ama acha ISO kwenye oto, kamera itapandisha yenyewe ukivuta. Ila flashi ya mkono haijui hayo, inatoa nguvu ile ile, kwaiyo kwenye flashi rudi kwenye 5.6.

Na kuna saa zingine hizi lenzi mbili hazina tofauti yoyote ya kukufanya utoe hela. Saa saba mchana uwanjani, jua liko utosini, wote mko 8. Picha ya ukoo, watu 20 safu tatu mbele ya keki, hata mwenye 2.8 lazima abane mpaka 8 hivi la sivyo wajomba wa nyuma wanakosa fokasi, na wajomba ndio waliolipa hema. Studio yenye taa zako, 8 ama 11, hakuna atakayejua ulitumia nini. Nimeona mtu ana duka la picha za pasipoti anatafuta mkopo wa lenzi ya 2.8, nikamwambia nunua taa ya pili kaka.

Sasa giza lenyewe. Sisi hapa tuko jirani na ikweta, ile alama ya Kayabwe barabara ya Masaka wote tumepiga nayo picha, na jua la ikweta halina mbwembwe, likishazama una dakika kama 20 za mwanga alafu usiku umeingia. Na hakuna sherehe niliyowahi kwenda iliyoanza kwa wakati. Ratiba inasema saa nane, wageni wa bwana wanafika saa kumi, bibi harusi anatoka na gomesi la tatu saa kumi na mbili na nusu, hapo ndio unaona nani ana lenzi gani. Flashi utasema ipo. Ipo, ila jaribu kuidundisha kwenye hema la bluu uone watu wako wanavyogeuka rangi, na hema likiwa refu mwanga unapotelea huko juu. Kwa kazi hii, kama ndio kazi yako ya kila Jumamosi, sina maneno mengi, tafuta 2.8.

Ila 2.8 ipi? Watu wakisikia 2.8 wanawaza ile bunduki nyeupe ya 70-200. Kama kamera yako ni ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande ndani kinachopokea picha), hizi tunazoanzia karibu wote, lenzi ya kwanza ya kutafuta ni 17-50 ya 2.8. Sigma walitoa ya kwao, gramu 565, Tamron pia walitoa ya kwao, na zote zimezunguka sana kwenye soko la mitumba kwaiyo bei imelainika. Na kama una hizi kamera mpya zisizo na kioo cha ndani, Sigma ana 18-50 ya 2.8 ya mwaka 2021, gramu kama 290 tu, inaingia mfukoni mwa koti, kwaiyo usikubali mtu akuambie kila 2.8 ni mzigo. Mzigo unaanza ukitaka 2.8 na umbali kwa pamoja.

Alafu kuna wale wa 4 isiyobadilika, hawa wanasahaulika. Mfano mzuri sana ni Canon wenyewe wa RF, lenzi za kamera zao zisizo na kioo cha ndani, chukua 24-105 zao hizi mbili. Moja ni 4 mwanzo mwisho, gramu 700. Nyingine ni 4-7.1, gramu 395. Kwenye 24 zote ni 4, ni sawa kabisa. Kwenye 105 moja bado ni 4 na nyingine iko 7.1, hiyo ni tofauti ya mwanga zaidi ya mara tatu. Ukimtajia mtu "zote zinaanza 4" hujadanganya ila hujamsaidia. Mi kwa mtu anayefanya mikutano ya ofisini, semina za hotelini, makanisa yenye madirisha mazuri, ile ya 4 isiyobadilika naipenda kuliko 2.8, inafika 105 kwa lenzi moja na mkono hauumi. Ila wa usiku, hapana, 4 bado ni stopu nzima chini ya 2.8.

Na usichanganye kutobadilika na uwezo wa gizani. Nikon wana 200-500 ya 5.6 mwanzo mwisho, haibadiliki, na ni 5.6 tu. Ni ya ndege wa mchana.

Ambayo inanileta kwenye wanyama, maana Uganda wengine hatupigi harusi, tunasindikiza wageni. Hapa usikubali ushauri mmoja. Msitu wa Bwindi kwa sokwe wale wakubwa, gorila, una saa moja tu ya kukaa nao, wageni wanane kwenye kundi, flashi marufuku, msitu umefunga juu, na unayempiga picha ni mnyama mweusi amekaa kwenye kivuli cheusi anakula majani. Na hayuko mbali, ukiambiwa usimame mita 10 basi 200 inatosha na mara nyingi inazidi. Hapo 70-200 ya 2.8 inaipiga 70-300 ya 4-5.6 bila huruma, ISO 1600 dhidi ya ISO 5000 mpaka 6400, na manyoya ya sokwe chenga zikiingia yanakuwa kama zulia la zamani. Kibale kwa sokwemtu hivyo hivyo, tena wale wanakimbia kwaiyo spidi ya shata huwezi kuishusha. Kitu kimoja tu, ule mlima wa Bwindi unapandwa kwa miguu, saa zingine masaa, na kilo moja na nusu ya lenzi juu ya kamera inakuwa kilo tano ukifika kileleni. Chukua kijana wa kubeba begi, wapo pale getini, na hiyo hela inabaki kijijini.

Sasa nenda Mabamba, huku upande wa Entebbe, kumtafuta yule ndege mdomo-kiatu. Mtumbwi, mafunjo, anga wazi, jua la saa tatu asubuhi, na ndege mwenyewe anasimama kama sanamu, anaweza kukaa hivyo mpaka mpiga kasia anasinzia. Hapo 2.8 ya 200 inakupa kinukta cha kijivu kwenye majani. Unayemhitaji ni yule wa 100-400 ama 150-600, ambao karibu wote ni wa kubadilika, 5.6 ama 6.3 kule mwisho, na hutaumia maana mwanga upo na ndege hana haraka. Kwenye boti ya Kazinga na ile ya Murchison ya kuelekea kwenye maporomoko ni hivyo hivyo, mchana mwanga wa maji unamwagika wote huo. Lenzi ya 600 yenye apacha 4 ipo, ila haizumu, ina kilo kama tatu na bei yake ni ya gari, tuiache kwa wenyewe.

Kwaiyo ni nchi moja, wanyama wawili, jibu tofauti. Anayekuambia "2.8 ndio ya safari" muulize safari ya wapi.

Watu wa video mna kesi yenu. Umeme wetu ni hezi 50, kwaiyo mnapiga fremu 25 na shata 1/50 ili taa zisicheze, na shata ikishafungwa pale hamna pa kujifichia. Ukivuta zumu huku unarekodi na lenzi ya kubadilika, picha inashuka mwanga kwa ngazi, tak, tak, tak, mtazamaji anaona. Ujanja wa 5.6 niliosema unafanya kazi hapa pia, ila gizani unakuwa umejifunga. Ukirekodi bila kuzumu, unakata na kusogea, basi lenzi yoyote.

Vumbi. Lenzi nyingi za kubadilika ukivuta mdomo unatoka nje, ukirudisha unaingia, inavuta hewa na vumbi la murram kama pampu ya baiskeli. Zile 70-200 kubwa za zamani zinazumu kwa ndani, hazirefuki, nazipenda kwa hilo. Ila sio sheria, 24-70 za 2.8 nyingi zinatoka mdomo na hata 70-200 ya 2.8 ya kwanza ya RF inatoka. Na ukungu, ule utando unaoota ndani ya lenzi kwa unyevu wa mvua za Machi mpaka Mei, haubagui namba, weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya ndani ya begi uvibadilishe.

Kabla hujatoa hela fanya hivi. Fungua picha zako 500 za mwisho kwenye kompyuta uangalie ulizipiga kwa mm ngapi. Mi nilipofanya nilishangaa, nilidhani mimi ni mtu wa upana, kumbe nyingi ziko 50 na 55, yaani nilikuwa naishi kule kule lenzi yangu ilipokuwa dhaifu. Kama zako nyingi ziko 18 mpaka 24, na mchana, kaa na ulichonacho. Kama ziko mwisho na ISO yake imepanda juu, jibu unalo. Na kama jibu ni 2.8 ila mfuko unakataa, usikope. Nunua 50 ya 1.8 mpya, ile ndogo, ya Canon ina gramu 160, haizumu, utazumu kwa miguu, na kwenye mm hizo inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya ile 5.6 yako. Harusi kama 20 hivi nimepiga na lenzi ya boksi kwa mchana na hiyo 50 kwa jioni kabla sijashika 2.8 yoyote.

Ukienda kununua ya mtumba, usione aibu kumchelewesha muuzaji. Mi kuna duka waliniuzia 2.8 imeng'aa kweli kweli nje, wiki ya tatu mota ya fokasi ikaanza kulia kama panya, kurudi wananiangalia kama hatujawahi kuonana. Siku hizi nawasha tochi ya simu naimulika lenzi kutoka nyuma, natafuta utando kama wa buibui, huo ni ukungu, naacha. Nafungua 2.8 nabana 16 naangalia vile vibati vya tundu kama vina mafuta. Navuta zumu taratibu mwanzo mwisho nisikie kama kuna mchanga, naelekeza chini nione kama inashuka yenyewe. Alafu napiga picha ya kitu chenye maandishi, boksi la sabuni ama gazeti, kwenye 2.8, kule mwisho wa zumu, maana ndio pale pale nitakapoitumia, na naikuza pembeni na katikati hapo hapo dukani. Wakisema hawana betri ya kujaribia, naondoka. Na ukishaipata, njia ya kurudi kwa boda weka begi mbele kifuani, sio mgongoni, Jinja Road jioni ile foleni ina mikono mingi.